Usukani unacheza, mbele kunatetemeka: Land Cruiser za 70, kutoka dampa hadi kingipini

Malalamiko kuhusu usukani wa Land Cruiser za 70 zenye ekseli nzima mbele (HZJ75, 78, 79 na ndugu zake) yanafanana karibu kila gereji: usukani una plei (unacheza bila kugeuza magurudumu), gari linatanga (haliendi mnyoofu) kwenye lami, au likivuka shimo kwenye mwendo wa 80 mbele kote kunatetemeka. Na dawa inayotajwa kwanza ni ileile: weka dampa mpya.

Mara nyingi hiyo si dawa. Stelingi dampa ni shokapu iliyolazwa. Kazi yake ni kutuliza misukosuko inayotoka kwenye magurudumu kabla haijafika mikononi mwa dereva. Haiwezi kuziba nafasi iliyopo kati ya vyuma viwili. Ukiifunga dampa mpya juu ya tairodi endi iliyolika (ncha ya tairodi, ile fimbo inayounganisha magurudumu mawili ya mbele), gari litatulia kwa wiki kadhaa, na katika wiki hizo bolijointi, kile kiungo cha duara kilicho kwenye ncha hiyo, itazidi kulika bila dereva kuhisi chochote. Hiyo ndiyo hatari yenyewe.

Kwa hiyo ukaguzi wote hapa chini unaanza kwa kuvua dampa, au angalau kuifungua upande mmoja na kuifunga pembeni kwa waya. Gari ambalo usukani wake ni mzima hutulia bila dampa kwenye barabara laini na mwendo mdogo. Kitakachoongezeka ni mateke tu kwenye mawe. Likianza kutetemeka bila dampa kwenye barabara nzuri, ugonjwa uko kwingine.

Dalili ya 1: Usukani unacheza katikati

Pima kwanza, usikisie. Gari liwe chini kwa uzito wake wote, magurudumu yamenyooka, injini inawaka. Weka rula kwenye ukingo wa usukani, uzungushe kwa kidole mpaka tairi la mbele lianze kusogea, kisha rudisha upande wa pili. Kikomo kinachotumika sana kwa Toyota ni milimita 30 kwenye ukingo. Kitabu cha gari lako ndicho chenye neno la mwisho. Kumbuka kwamba milimita moja tu iliyolika kwenye bolijointi, ikipitia stelingi boksi (sanduku la gia za usukani) na pitmani (mkono unaotoka kwenye boksi hilo), inatokea usukanini ikiwa zaidi ya sentimita moja. Ndiyo maana kitu kinachoonekana kidogo sana chini kinalalamikiwa sana juu.

Kisha watu wawili. Mmoja akae kwenye kiti na kutikisa usukani kushoto na kulia, haraka haraka, ndani ya ile plei tu. Mwingine aingie chini na kuweka kiganja juu ya kila kiungo kimoja baada ya kingine, vidole viguse vyuma vyote viwili kwa pamoja. Jicho linadanganya, kiganja hakidanganyi: utahisi chuma kimoja kimetangulia na kingine kimefuata. Usinyanyue gari kwa kipimo hiki. Tairi likiwa hewani halina ukinzani, na bolijointi mbovu inajificha.

Sababu, kuanzia inayotokea zaidi:

*Tairodi endi na ncha za dragilinki.* Dragilinki ni fimbo inayotoka kwenye pitmani kwenda upande wa gurudumu. Raba ya kufunika grisi ikipasuka, vumbi na maji vinaingia, na kiungo kinaisha ndani ya miezi michache ya rafu (barabara mbovu). Kama kiungo kinacheza juu na chini, au pembeni, kibadilishwe. Hakuna marekebisho. Kabla ya kufungua, pima urefu kutoka katikati ya bolijointi moja hadi ya pili na uhesabu mizunguko unapoitoa. Ncha moja ina nyuzi za kulia na nyingine za kushoto. Safisha koni zote mbili, ya endi na ya tundu lake, mpaka zikauke kabisa, bila grisi, kwa sababu koni inashika kwa kukwaruzana. Kaza nati, na kama tundu la splitipini halijalingana, *ongeza* kukaza mpaka lilingane. Usiilegeze kamwe ili kulitafuta tundu.

Angalia pia klampu za tairodi. Zikilegea, nyuzi za ndani ya bomba zinalika, na hapo hata endi mpya itacheza. Ukishika bomba na kulizungusha na kurudisha, likigonga kwenye nyuzi, badilisha tairodi nzima.

*Bolti za stelingi boksi na fremu iliyo nyuma yake.* Hiki ndicho kitu kinachosahaulika kuliko vyote. Mwenzako akitikisa usukani, wewe usiangalie pitmani; angalia boksi lenyewe kama linasogea juu ya fremu. Mstari wa kutu nyekundu pembeni mwa bolti unaonyesha kwamba chuma kinakwaruzana. Futa matope kwa brashi ya waya na utafute ufa unaoanzia kwenye matundu ya bolti. Magari yaliyofungwa matairi makubwa, winchi na bampa la chuma ndiyo yanayopasuka hapo. Ukiona ufa, gari lisimame. Kuchomelea fremu eneo hilo ni kazi ya fundi wa fremu, boksi likiwa limetolewa na kiraka kimekatwa kwa vipimo. Mstari mmoja wa moto juu ya ufa utapasuka pembeni yake.

*Jointi za shafti ya usukani.* Fungua boneti, shika shafti juu na chini ya jointi ya msalaba, na tikisa. Ikigonga, badilisha. Kaza pia bolti ndogo inayobana jointi kwenye shafti ya boksi. Ni spana moja na dakika mbili, na mara nyingine tatizo lote linaishia hapo.

*Beringi za hobu na kingipini.* Hobu ni kitovu cha gurudumu; kingipini ni egemeo la nako, kile kipande cha mwisho wa ekseli kinachogeuka pamoja na gurudumu. Hizi zina kipimo chao, tazama dalili ya 3.

*Stelingi boksi lenyewe.* Liwe la mwisho kushukiwa. Juu yake kuna skrubu yenye nati ya kufungia, na hiyo skrubu ndiyo kishawishi kikubwa cha kila mwenye spana. Boksi hulika zaidi katikati, mahali linapotumika kwenye barabara iliyonyooka. Ukikaza mpaka plei ya katikati iishe, meno ya pembeni, ambayo hayajalika, yanabana. Ukitaka kurekebisha: magurudumu yawe yamenyooka kabisa, dragilinki itolewe, ulegeze nati ya kufungia na ugeuze skrubu kidogo kidogo, jumla isizidi robo ya mzunguko. Zungusha usukani kutoka mwisho hadi mwisho. Ukihisi sehemu ngumu yoyote, rudisha. Kama robo haijatosha, boksi linahitaji kufunguliwa na fundi mwenye vipimo vyake. Boksi lililokazwa kupita kiasi halirudi lenyewe baada ya kona, na dereva anayetegemea lirudi atajikuta mtaroni.

Dalili ya 2: Hakuna plei, lakini gari linatanga

Dereva anasahihisha usukani kila sekunde chache, hasa kwenye lami baada ya kutoka rafu. Safari ya kutoka Seronera, Serengeti, kupita Naabi hadi lango la Loduare, Ngorongoro, ni ya vumbi na mawimbi kama bati. Ukifika lami ya Karatu ndipo gari linasema ukweli wake.

Anza na upepo. Tairi zilizopunguzwa kwa ajili ya mchanga na kusahaulika ndizo sababu ya kwanza, na tofauti ya upepo kati ya kushoto na kulia inatosha kuvuta gari. Pima zikiwa baridi, fuata kibandiko cha mlangoni, na ongeza nyuma ukibeba mzigo.

Baadaye angalia tairodi yenyewe kwa macho, ukichutama mbele ya gari. Ikigonga kisiki au jiwe inainama, na ikiinama urefu wake unapungua, matairi yanabadili mwelekeo. Alaimenti ya ekseli hii unaweza kuipima kwa futi ya kamba: weka alama katikati ya kila tairi la mbele, usawa wa hobu, pima umbali kati ya alama upande wa mbele, sukuma gari mpaka alama zifike nyuma usawa uleule, pima tena. Mbele panatakiwa pawe sawa na nyuma au pafupi kidogo, milimita 0 hadi 2 kwa tairi za radial. Mbele pakiwa parefu kuliko nyuma, gari litatanga hata kila kitu kingine kiwe kipya. Tairodi iliyonyooshwa porini ni ya kukufikisha nyumbani taratibu, siyo ya kubaki nayo.

Kwa HZJ75 zenye springi za vyuma bapa, yubolti (bolti za umbo la U zinazofunga ekseli kwenye springi) ndizo za kukaguliwa. Zikilegea, ile bolti ya katikati ya springi inabeba kazi isiyo yake na kukatika, ekseli inateleza upande mmoja. Pima kutoka ekseli hadi jicho la mbele la springi, kushoto na kulia. Vipimo visipofanana, usiendelee na alaimenti; tengeneza hiyo kwanza.

Kwa 78 na 79 za kuanzia 1999, zenye koili mbele, sababu kubwa ni gari kunyanyuliwa. Ukiinua mbele kwa milimita 50, ekseli inazunguka kidogo juu ya mikono yake na kasta, yaani ule mwinamo wa kingipini kuelekea nyuma, inapungua kwa karibu digrii 2. Kasta ndiyo inayofanya gurudumu litake kwenda mbele lenyewe. Ikipotea, gari linakuwa jepesi na linafuata kila mchirizi wa barabara. Suluhisho ni bushi za kurekebisha kasta au vipande vya kushusha mikono, na kupima tena kwenye mashine. Dampa ngumu hapa inaongeza uzito wa usukani tu. Kutanga kunabaki palepale.

Dalili ya 3: Mtetemeko wa ghafla baada ya shimo

Mara nyingi kati ya kilomita 60 na 90 kwa saa. Gurudumu moja linapigwa, usukani unaanza kutetemeka kwa nguvu kiasi cha kutoka mkononi, na hautulii mpaka mwendo ushuke. Dereva ashike usukani imara bila kupambana nao, aondoe mguu kwenye mafuta, apunguze mwendo taratibu bila kubamiza breki, na asimame pembeni. Baada ya mtetemeko mmoja wa namna hii, gari lisiendeshwe kwa mwendo wa barabara kuu mpaka likaguliwe. Mtetemeko wenyewe unapiga viungo na kulegeza nati zilizokuwa zimekaza.

Tairi na balansi kwanza: tope lililokauka ndani ya rimu linatosha. Safisha. Angalia rimu iliyopinda na tairi lililovimba.

Kwenye gari la koili, kinachofuata ni rodi ya Panhard, ile inayozuia ekseli isiende kushoto na kulia. Mwenzako atikise usukani, injini ikiwaka, nawe tazama ncha zake mbili. Rodi isisogee hata kidogo ndani ya mabano yake. Bushi iliyokatika utaiona, ila tundu la bolti lililopanuka linajificha mpaka bolti itoke. Tundu lililokuwa na umbo la yai halizibwi kwa kukaza zaidi. Kama gari limenyanyuliwa, angalia pia kama rodi hiyo na dragilinki bado zinaenda sambamba. Zisipokuwa sambamba, kila shimo linageuza usukani.

Sasa nyanyua mbele, na gari liwe juu ya stendi, siyo jeki peke yake, kabari nyuma. Shika tairi juu na chini, sukuma na vuta. Likicheza, mwambie mwenzako akanyage breki na uendelee kutikisa. Plei ikipotea breki ikiwa imekanyagwa, ni beringi za hobu. Ikibaki, ni kingipini. Breki inaifunga hobu kwenye nako, kwa hiyo kinachobaki kucheza ni nako yenyewe juu ya ekseli.

Beringi za hobu zinarekebishwa kwa soketi ya milimita 54, na si kwa patasi na nyundo. Nati iliyoliwa na patasi ndiyo alama ya gari ambalo beringi zake hazijawahi kukazwa sawasawa. Kaza nati ya ndani hadi karibu Nm 60 (Nm ni kipimo cha nguvu ya kukaza), zungusha hobu mara kadhaa pande zote mbili ili rola zikae, legeza mpaka igeuke kwa mkono, kisha kaza kidogo tena, karibu Nm 5. Weka washa ya kufuli, nati ya nje karibu Nm 64, kisha zungusha na utikise tena, maana nati ya nje huisukuma ile ya ndani. Kunja washa upande mmoja ndani na mmoja nje.

Kingipini ni kazi nzito zaidi. Beringi ndogo za juu na chini ya nako zinakandamizwa kwa shimu (vibati vyembamba vya kurekebisha), na magari ya rafu huzichimba vidimbwi mahali rola zilipopigwa zikiwa zimenyooka. Ukigeuza nako kwa mkono, tairodi ikiwa imetolewa, utahisi inaingia kwenye kidimbwi katikati. Beringi hizo hazirekebishiki kwa kupunguza shimu. Na ukiona mafuta meusi mepesi yakitiririka nyuma ya gurudumu badala ya grisi, sili ya ndani ya ekseli imekufa: mafuta ya difu yameingia kwenye nako na kuosha grisi. Ukibadilisha beringi bila hiyo sili, utairudia kazi yote.

Hapo hapo, kwa ajili ya usalama wako, kaza nati za mkono wa nako, zile zenye washa za koni chini yake. Kwenye ekseli za Land Cruiser za familia hii nati hizo hulegea kimyakimya, stadi (bolti zinazoshikwa na nati hizo) zinaanza kukatika moja baada ya nyingine, na ya mwisho ikikatika gurudumu linabaki halina usukani kabisa. Kipimo huwa karibu Nm 96. Hakikisha kwenye kitabu cha mwaka wa gari lako. Stadi moja iliyokatika ni sababu ya kuita gari la kuvuta, hata kama bado kilomita 10 tu kufika.

Dalili ya 4: Mateke ya usukani kwenye mawe

Hapa ndipo dampa inapostahili lawama. Usukani hauna plei, hautetemeki kwenye lami, lakini kila jiwe linaupiga mkono. Vidole gumba viwe nje ya usukani kila wakati porini. Teke moja linavunja kidole.

Vua dampa uishike kwa mikono miwili. Ivute na kuisukuma urefu wake wote, polepole, mara tano sita ili hewa itoke. Ukinzani uwe uleule njia nzima. Ikienda bure kwa sentimita moja kila unapobadili mwelekeo, imekwisha. Ikiwa imeloa mafuta yanayodondoka, imekwisha. Unyevu kidogo wenye vumbi kwenye sili si hukumu peke yake. Shafti iliyopinda au kukwaruzwa na jiwe itakata sili mpya pia. Usisahau bushi zake: dampa nzima yenye bushi iliyokufa inacheza kabla haijaanza kuzuia, na matokeo yake ni sawa na kutokuwa nayo.

Dalili ya 5: Usukani mgumu, haurudi, au unavuta baada ya dampa mpya

Unavuta upande mmoja tangu siku dampa ilipofungwa? Ivue, ikandamize, iache. Ikijisukuma yenyewe kutoka, ina gesi yenye presha, na hiyo presha inasukuma usukani upande mmoja saa zote. Tafuta isiyojisukuma.

Ukiwa mgumu pande zote, angalia mafuta ya stelingi (mfumo huu hutumia ATF, mafuta ya gia otomatiki, ya Dexron), povu ndani ya chombo chake, na mkanda wa pampu. Mafuta yakiwa na povu, hewa inaingia kwenye bomba la kurudisha. Usukani usiorudi baada ya kona, huku mafuta yakiwa sawa, ni boksi lililokazwa kupita kiasi au beringi za kingipini zilizobanwa. Vua dragilinki uzungushe usukani peke yake: ukiwa mwepesi, ugumu uko kwenye nako, ukibaki mgumu, uko kwenye boksi au shafti. Boksi linalokwama katikati ya mzunguko lisiendeshwe.

Kufunga dampa, kazi nyingine ikiwa imekwisha

Dampa za kulazwa nyingi zina alama ya upande wa juu. Ikifungwa kichwa chini, inavuta hewa ya ndani na kuwa na sehemu zisizoshika. Funga kwanza bila kukaza. Nyanyua mbele na geuza usukani mpaka mwisho wa kushoto, kisha wa kulia. Pande zote mbili lazima ibaki nafasi kidogo kwenye shafti, ili kinachosimamisha gurudumu kiwe stopa ya nako na siyo dampa. Dampa inayofika mwisho kabla ya stopa inang'oa mabano yake au kupindisha tairodi, na inaharibika ndani ya siku chache.

Angalia pia isiguse springi, bomba la breki wala sampu ya difu magurudumu yakiwa yamegeuka na ekseli imepanda. Kaza nati gari likiwa chini kwa uzito wake na magurudumu yamenyooka, ili bushi zisikae zimejipinda. Weka alama ya rangi kutoka kwenye kila nati hadi kwenye chuma chake: dampa, tairodi, Panhard, boksi, mkono wa nako. Baada ya kilomita 200 za rafu, pita na tochi. Alama iliyokatika inakuonyesha nati iliyohama, bila hata kugusa spana.